Kundi la Chini ya Meza

Mwanangu, kabla hujaondoka na hiyo ndoo, kaa kidogo. Gari la mjini halitakuacha, na likikuacha kitanda kipo. Umeniomba nyungunyungu wa kwenda kuanzia mboji katika vile vyumba mlivyopanga Geita wewe na Shija wangu, nami nimeshakuchotea. Hao hapo, wamejiviringisha pamoja kama tambi. Lakini sijawahi kumpa mtu wadudu hawa bila kumpa na habari zao. Wana ukoo hawa, kama wewe na mimi, na aliyewapenda kwanza katika nyumba yetu alikuwa mchunga ng'ombe.

Nakumbuka siku moja nilirudi Geita nikitoka Kharumwa kumuuguza shangazi yangu, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Nilipofungua mlango nikamkuta baba mkwe wangu amesimama katikati ya chumba, amevaa shati lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, na anatabasamu. Nikaogopa. Tangu nilipoondoka kwenda safari ile nilikuwa na wasiwasi na kazi niliyomwachia, na shati lile halikunituliza. Ila hapo nimekimbilia mbele. Acha nirudi nyuma nikuanzie mwanzo. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko haukwanguliwi kwa haraka.

Wakati huo tulikuwa vijana kama ninyi. Huyo baba mkwe wako unayemsikia pale nje akibishana na mbuzi, alikuwa mchimbaji. Alfajiri alishuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na alirudi akiwa na rangi ya udongo mpaka ndani ya masikio. Tulipanga vyumba viwili: cha nyuma cha kulala, cha mbele cha kila kitu kingine. Uani kulikuwa na marudio, ule udongo uliokwisha kuoshwa dhahabu, umemwagwa pale na wapangaji waliotutangulia. Nikapanda mchicha juu yake. Ukatoka wa manjano, ukasimama siku chache, ukalala. Jirani yetu Mama Zuhura, mwanamke wa Kigoma aliyeuza dagaa, akaniambia nisijisumbue, ardhi ile ilishakunywa zebaki, hata ukiota utamlisha nani? Mimi nimekulia shambani, mwanangu. Kwenda sokoni kununua fungu la mchicha kuliniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Ndipo baba mkwe akaja kuishi na sisi. Alitoka hapahapa Samuye, katika boma hili tulilokaa. Ukame ulikuwa umemaliza majani na maji, ng'ombe wake wakaanguka mmoja mmoja, na mzee akawa anaamka asubuhi anakwenda kusimama kwenye zizi tupu mpaka jua linakuwa kali. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mume wangu akaenda kumchukua. Alikuja na fimbo ya kuchungia na blanketi, basi. Tukampa chumba cha mbele, akawa anakaa kwenye kigoda anautazama ukuta wenye kalenda ya mwaka uliopita. Chakula alikigusa tu, kama mtu anayepima joto la maji.

Na mimi ningemwambia nini? Kwetu Wasukuma, unajua mwenyewe, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Sikumtazama usoni, sikukaa naye, sikumtaja jina. Tulipokuwa na la kuambiana tulimpitishia mtoto. Nilimgeukia Kabula, wifi yako huyo, ambaye wakati ule hata jino alikuwa hajaota, nikasema, "Kabula, mwambie babu uji uko tayari." Naye kutoka kwenye kigoda akajibu, "Kabula, mwambie mama yako ahsante." Kabula akatoa mate. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa ikizungumza, na wala hatukuona ajabu.

Shangazi wa Kharumwa ndiye aliyenipa nyungunyungu, kabla hajaugua. Alikuwa amefundishwa kuwafuga na bwana shamba mmoja aliyepita kijijini kwao. Si wale wa kijivu unaowakuta ukilima, wanaozama chini kabisa. Hawa ni wekundu, wembamba, hupenda kukaa juujuu mahali panapooza, kwa hiyo hata ndani ya nyumba wanaishi. Nje kwetu wasingepona: kuku wa majirani, siafu, jua, na yale marudio. Shangazi akanielekeza kama ninavyokuelekeza wewe. Ndoo ya plastiki itobolewe kwa msumari wa moto, matundu madogo karibu na mdomo wapate hewa, na machache chini maji yachuruzike, halafu uikalishe juu ya beseni. Uchane maboksi na magazeti, uloweke, ukamue kwa nguvu mpaka yabaki na unyevu tu, uyatandaze ndani yawe godoro lao. Utie na udongo safi kiganja kimoja, maana hawana meno, chembe za mchanga ndizo zinazowasagia chakula. Kisha uwaweke, ufunike, uwaache watulie. Siku ya kwanza hata usiwape kitu, mgeni hupumzishwa kwanza.

Chakula chao ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, mboga iliyonyauka, maganda ya mayai yaliyopondwa. Unafukia kidogo kidogo, leo upande huu, siku nyingine upande ule. Ukiona harufu mbaya, ujue umewashindilia kuliko wanavyokula. "Na shika hili," shangazi akasema, akanishika mkono kabisa. "Usiwape nyama, wala mafuta, wala limau, wala pilipili. Na chumvi usithubutu. Wanapumua kwa ngozi hawa. Chumvi inawaunguza wazimawazima."

Nikayashika yote. Ndoo nikaiweka chumba cha mbele, chini ya meza, penye kivuli, kwa sababu chumba cha nyuma bati lilikuwa likichoma tangu asubuhi. Yaani niliiweka karibu na godoro la baba mkwe.

Mwanzoni alichukia. "Kabula," akasema, "mwulize mama yako, siku hizi watu wanafuga funza ndani?" Nikamjibu Kabula kwamba si funza, ni wa kututengenezea udongo. Mzee akageukia ukuta wake. Lakini macho hayana pazia, na kila nilipofunua ndoo nilijua anatazama. Siku moja nilikuwa nafua uani nikasikia mluzi ndani, ule mluzi wa chinichini wa kuwatuliza ng'ombe wakinywa maji. Nikachungulia dirishani. Mzee amepiga magoti mbele ya meza, mfuniko mkononi, anawapigia mluzi nyungunyungu.

Nilirudi kufua nikicheka peke yangu, halafu nikajikuta nalia.

Kuanzia hapo ndoo ikawa yake. Asubuhi alinipasha habari, "Kabula, mwambie mama yako kundi limelala vizuri." Akagundua kwamba wanapenda tikiti kuliko viazi, na ganda la ndizi lililoanza kulainika kuliko lililo bichi. Akamkemea mume wangu kwa kuacha mfuniko wazi, eti ng'ombe hawalazwi bila kufunga zizi. Na ugali wake akaanza kuumaliza, kwa sababu mchungaji haendi malishoni na njaa. Mboji ya kwanza tulipoitoa ilikuwa nyeusi, laini, inanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Nikajaza viroba, nikavipanga mlangoni, nikapanda mchicha, na safari hii ukatoka wa kijani mpaka majirani wakauliza. Mzee aliuangalia, halafu akaenda kumwita Mama Zuhura aje auone.

Sasa turudi pale mlangoni nilipokuacha. Shangazi alikuwa ameugua, nikaenda kumuuguza siku kadhaa, nikamwachia mzee kundi lake. Nikarudi, nikamkuta na shati la kanisani na tabasamu.

"Kabula," akasema kabla sijamshusha mtoto, "mwambie mama yako afunue ndoo. Nimewahudumia. Muda wote huu walikuwa wanakula bila chumvi, ndiyo maana hawanenepi. Jana nimewapondea chumvi ya mawe, nikawaacha walambe kwa utulivu."

Wewe ni mtoto wa wafugaji, sina haja ya kukueleza sana. Mtu wa kwetu ng'ombe wake wasipolamba chumvi hujiona mchoyo. Mzee aliwaona viumbe wanaotutumikia usiku na mchana bila kulambishwa chochote, akaona aibu kwa niaba ya nyumba yetu. Aliwapa kwa upendo. Na alivaa shati lile kunisubiri mimi, aone nitakavyofurahi.

Nikafunua. Waliokuwa na nguvu walikuwa wamepanda mpaka kwenye mdomo wa ndoo, wakakaukia pale. Waliobaki chini walikuwa wamepauka na kulegea, hakuna anayejikunja ukimgusa. Mzee akasogea, akainama, akatazama kwa muda mrefu, na tabasamu likaondoka usoni taratibu. Akainua viganja vyake akaviangalia.

"Hata hawa," akasema.

Hakumwambia Kabula. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Akavua shati, akalikunja vizuri, akakaa kwenye kigoda akautazama ukuta.

Mwanangu, nimezika watu maishani mwangu, lakini maneno yale mawili bado yananitoa machozi. Hakuwa analilia nyungunyungu. Aliamini mkono wake una laana, kwamba chochote anachokichunga kinakufa, na kwamba hata ng'ombe wa Samuye hawakuuawa na ukame, aliwaua yeye.

Akarudi kulekule alikokuwa, na kupita hapo. Uji ulipoa mbele yake. Akamwambia mume wangu amrudishe Samuye, kwenye zizi lake, akamalizie huko. Kumalizia nini hakusema, na sisi hatukuuliza kwa sababu tulijua. Mume wangu anajua kuvunja mwamba, lakini ukimya wa baba yake haukuwa mwamba. Mimi nilizunguka vyumba viwili vile na mtoto mgongoni nikitafuta namna ya kusema: baba, hukujua, na hakuna aliyekwambia. Niliyejua habari ya chumvi ni mimi, na midomo yangu ilifungwa na adabu niliyofundwa na mama yangu. Kila nilipojaribu niliishia kusema, "Kabula, mwambie babu ale." Kabula mwenyewe alikuwa amelala.

Ikafika asubuhi ya safari. Blanketi limefungwa kwa kamba, fimbo imeegemezwa mlangoni, mume wangu ametoka kutafuta usafiri. Nilikuwa najua kabisa kwamba mzee akivuka ule mlango, tutakayemfuata Samuye ni maiti. Mara hodi. Mama Zuhura huyo, ameshika kopo kuukuu la rangi kwa mikono miwili, amelitenga mbali na gauni lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeleta taarifa ya mifugo yako. Wamezaa. Wamezaa, mzee wangu, mpaka nyumba inaniwasha. Kuna vitoto vyeupe kama uzi wa kushonea. Uliniambia wakizaa nije niseme, basi nimekuja kusema."

Sikuelewa hata kidogo, mpaka aliponieleza. Kumbe kabla sijaenda Kharumwa, mzee alikuwa amechota kiganja cha nyungunyungu pamoja na godoro lao, akawatia kwenye kopo, akampelekea Mama Zuhura amtunzie. Wewe umeshafahamu. Sisi wafugaji hatulazi ng'ombe wote zizi moja. Unampelekea rafiki wachache, yeye akamue anywe maziwa, na kazi yake ni kuleta habari: huyu amezaa, yule amekufa. Ndiyo kubilisa kwetu huko. Maradhi yakiingia kwako, mbegu iko kwa mwenzako. Mwaka wa ukame desturi hiyo haikumsaidia mzee, kwa sababu jua lilikuwa moja kwa wote, na ng'ombe waliokuwa kwa marafiki walikufa vilevile. Lakini mkono wake haukusahau. Hata kwa wadudu wa kwenye ndoo alifanya kama alivyofundishwa na baba yake.

Mzee hakulisogelea lile kopo. Alilitazama kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka.

"Na chumvi?" akauliza. "Nilikutumia chumvi uwape."

Mama Zuhura akaangalia miguu yake. "Baba, unisamehe. Ile chumvi niliitia kwenye dagaa. Niliona kati ya wadudu na dagaa, wenye haki ni dagaa."

Mimi nikauma ncha ya kanga nisicheke mbele ya baba mkwe. Kumbe aliyekuwa anatikisika mabega ni yeye. Alicheka kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka akashika meza. Halafu akapiga magoti, akapokea kopo, akasogeza magazeti kwa kidole kimoja, na nikausikia tena ule mluzi.

Alipoinuka, mwanangu, alinitazama mimi. Usoni. Kabula alikuwa mgongoni kwangu, lakini hakumwita.

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu, kwa Kisukuma chetu. "Chumvi inawaua?"

Nikatazama chini. "Ndiyo, baba."

"Ulijua?"

"Nilijua. Shangazi aliniambia."

Nilidhani atakasirika, lakini sauti ilipotoka ilikuwa ya upole. "Siku nyingine niambie mimi, ng'wanawane. Usimwambie Kabula. Kabula hajui kitu."

Kisha akafungua kamba ya blanketi.

Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo. Mvua ziliporudi tukarudi naye Samuye sote, na ndoo kwenye mapaja yake njia nzima. Alizikwa pale nyuma ya zizi, na mimi ndiye niliyemlisha kijiko cha mwisho cha uji, tukiongea. Hao uliowabeba ni uzao wa lile kopo la Mama Zuhura. Akiba haiozi, walisema wazee, nami naongeza kwamba akiba iliyo kwa jirani ndiyo haiozi kabisa.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuketisha. Jana jioni nilikutengenezea chai. Macho yangu siku hizi yananicheza shere, nikachota kwenye kopo lisilo la sukari. Ukainywa kikombe kizima, ukapiga goti, ukasema, "Ahsante mama, tamu." Ulipoinuka kwenda kuosha vyombo ndipo nilipoionja yangu, nikaitema uani. Chumvi tupu. Nilikaa pale nikakuonea huruma, na nikajiona mimi, miaka ile, na mtoto mgongoni.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Ndoo yako iweke kivulini, magazeti yawe na unyevu bila kuogelea, na uwalishe kidogo waombe kuliko kuwashindilia. Haba na haba hujaza kibaba, mboji haiji kwa wiki moja, usiwachimbue kila saa kuangalia kama wamefanya kazi. Wakiongezeka, usisubiri wawe wengi sana: chota kiganja umpe jirani, hata kama ni mtu wa kabila usilolijua na dini isiyo yako. Kutoa ni moyo, na siku wa kwako wakifa utajua ulipohifadhi mbegu. Mzee akikaa nyumbani kwako amejikunyata, usimpe chakula tu, mpe na cha kuchunga. Na unalolijua, liseme. Heshima si utumwa, wala si kuziba mdomo. Wengi wanaoharibu vitu vyetu wanaviharibu kwa upendo, kwa sababu sisi tunaojua tumeona haya kuwaambia. Mwambie Shija, mwambie mama mwenye nyumba, mwambie na mimi. Ukilisema kwa upole hutakuwa umemvunjia mtu heshima.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie njiani. Kundi lako lilale vizuri na liamke limeongezeka. Viroba vyako vya mlangoni visikauke, mikono yako isijilaumu kwa yale usiyoyajua, na nyumba yenu isikose sauti za watu wanaoambiana ukweli. Ukizaa, mtoto awe wa kubembelezwa tu, asibebeshwe salamu za wakubwa.

Haya, hiki hapa kikombe kingine, kunywa kabla gari halijaja. Onja kwanza. Halafu nitazame usoni uniambie ikoje.